Mbwa Huyu Anafaa Nyumba Ipi?

Mkono ni wa plastiki. Umefungwa kwenye ncha ya fimbo na kuvalishwa kipande cha shati ili ufanane na mkono wa mtu. Mbwa amefungwa kamba, na mbele yake pana bakuli la chakula kitamu kuliko alichozoea. Anapoanza kula, mpimaji anausogeza ule mkono taratibu, anamgusa usoni, kisha analivuta bakuli. Mpimaji wa pili anaandika anachokiona: ameendelea kula, amekakamaa, amenguruma, ameung'ata mkono. Kwa miaka mingi kipimo hiki kilitumika katika vituo vya kutunzia mbwa nchini Marekani, na katika baadhi yake majibu ndiyo yaliyoamua kama mbwa atatafutiwa nyumba au atachomwa sindano ya kumaliza maisha yake.

Nia ilikuwa njema. Kituo kinachomkabidhi mtu mbwa kinabeba dhamana kubwa, na mtoto akiumwa usoni siku ya tatu hakuna maelezo yatakayoituliza familia yake. Wahudumu walitaka njia ya kuyaona mambo kabla hayajatokea. Lakini kipimo chochote kinachodai kutabiri lazima kiulizwe swali moja la msingi: huyu aliyeung'ata mkono wa plastiki kituoni, akifika nyumbani kwa watu anafanya nini?

Amy Marder, daktari wa mifugo aliyebobea katika tabia za wanyama, aliliuliza swali hilo pamoja na wenzake wa Boston, wakachapisha majibu mwaka 2013. Walikuwa na mbwa 97 waliopimwa kituoni kisha wakachukuliwa na watu. Kituoni, 20 kati yao walikilinda chakula chao kwa ukali na 77 hawakufanya hivyo. Watafiti wakawauliza wenyeji wapya wa mbwa hao. Kati ya wale 20 wakali, 11 walikilinda chakula nyumbani pia, na 9 waliachana kabisa na tabia hiyo. Kati ya wale 77 wapole, 17 walianza kukilinda chakula walipofika nyumbani. Ukijumlisha, mbwa waliolinda chakula majumbani walikuwa 28, na 17 kati yao walikuwa wamevuka kipimo bila doa. Waliokiponyoka kipimo ni wengi kuliko waliokamatwa nacho.

Tena, kulinda chakula ni tabia ya kawaida kwa mbwa. Dawa yake mara nyingi ni nyepesi: mwekee bakuli mahali patulivu, mwache ale, usimzoeshe mtoto kumchokoza akiwa na mfupa mdomoni. Ni jambo la kumweleza mwenye nyumba kabla hajaondoka na mbwa. Kulifanya hukumu ya kifo lilikuwa kosa kubwa, na vituo vingi vimeshaliacha.

Mwaka 2016, Gary Patronek na Janis Bradley walikwenda mbali zaidi. Walitoa makala ya kitaalamu yenye hoja nzito kwamba vipimo vya tabia vinavyofanywa vituoni havitabiri vizuri kuliko kurusha sarafu. Hoja yao ni ya hesabu, na inafaa kuifuata hatua kwa hatua. Chukua mfano wa kituo chenye mbwa 100, ambamo 10 ni hatari kwelikweli. Chukua pia kwamba kipimo ni kizuri sana, kinapatia mara 8 katika kila 10, kwa mbwa hatari na kwa mbwa salama. Katika wale 10 hatari, kitawakamata 8. Katika wale 90 salama, kitawasingizia 18. Mwisho wa siku kuna mbwa 26 waliowekewa alama nyekundu, na 18 kati yao hawana kosa lolote. Mpimaji anaweza kuwa stadi kiasi chochote na bado hali ikawa hiyo, kwa sababu chanzo chake ni uchache wa mbwa hatari. Madaktari wanaijua hesabu hii kutokana na kupima magonjwa adimu, ndiyo maana hawamtangazii mtu ugonjwa mkubwa kwa jibu moja la maabara. Mbwa hakuwa na wa kumdaia kipimo cha pili.

Sababu ya ndani zaidi ni mahali kipimo kinapofanyiwa. Mbwa aliyeletwa kituoni ameondolewa kwenye kila kitu alichokijua: mtu wake, harufu za uani kwake, saa zake za kula na kutembea. Anaingizwa kwenye kizimba cha saruji na wavu katikati ya mbwa wengine wengi wasiofahamiana. Temple Grandin, mtaalamu maarufu wa tabia za mifugo, na wenzake waliripoti mwaka 2006 kwamba kelele ndani ya kituo walichokipima zilivuka desibeli 100 mara kwa mara. Kiwandani, mfanyakazi anayeshinda kwenye kelele ya kiwango hicho hutakiwa kuvaa kinga ya masikio. Mbwa, ambaye masikio yake ni makali kuliko yetu, hana pa kujificha.

Mwili wake unaonyesha gharama ya hali hiyo. Michael Hennessy na wenzake, katika jimbo la Ohio, walipima kotisoli katika damu ya mbwa wa kituo kimoja cha serikali ya mtaa na kuchapisha matokeo mwaka 1997. Kotisoli ni homoni ambayo mwili huimwaga unapokabiliwa na tishio. Huamsha nguvu, hupandisha sukari kwenye damu, na ikikaa juu muda mrefu huchosha viungo na kinga ya mwili. Mbwa waliokuwa kituoni siku tatu za mwanzo walikuwa na kotisoli karibu mara tatu ya mbwa waliopimwa wakiwa majumbani kwao. Na siku hizohizo za mwanzo ndizo ambazo vituo vingi, kwa kubanwa na nafasi, vilipendelea kufanyia vipimo vya tabia.

Kwa hiyo kinachoandikwa kwenye karatasi ya mpimaji ni tabia ya mnyama aliyetaharuki. Yule aliyejikunyata nyuma ya kizimba na kugeuzia watu mgongo anaweza kuwa mchezaji mkubwa akipata uwanja. Yule anayerukia wavu na kubweka mpaka sauti ikauke anaweza, akipata mkeka na kona yake, kulala mchana kutwa. Wahudumu wa siku nyingi wanalijua hili vizuri, na wengi watakusimulia juu ya mbwa ambaye hawakumtambua walipokwenda kumtembelea nyumbani kwake baada ya mwezi.

Basi dawa ni nini? Utafiti ninaouona kuwa na manufaa kuliko yote katika eneo hili ni wa Lisa Gunter na wenzake wa Chuo Kikuu cha Arizona State, uliotoka mwaka 2019. Walichokifanya ni chepesi kiasi kwamba unashangaa kwa nini kilichelewa. Katika vituo vitano vya Marekani waliwachukua mbwa 207 na kuwapeleka kulala kwenye nyumba za watu waliojitolea, usiku mmoja au miwili, kisha wakawarudisha. Walipima kotisoli kwenye mkojo kabla ya safari, wakati wa safari, na baada yake. Wakiwa nyumbani, kotisoli ilishuka. Vifaa vidogo vya kupima mjongeo vilivyofungwa shingoni vilionyesha kwamba huko ndiko walikopata vipindi virefu zaidi vya kupumzika bila kukatizwa. Waliporudi kituoni kotisoli ilipanda tena, lakini ilifikia pale ilipokuwa mwanzoni tu. Hofu iliyokuwa imetawala, kwamba mbwa akionjeshwa nyumba kisha akarudishwa kizimbani ataumia zaidi, haikuthibitika.

Usiku huo mmoja unazaa kitu kingine chenye thamani: habari. Mlezi wa muda anarudi na majibu ambayo mkono wa plastiki usingeyatoa. Amelala usiku kucha au alilia mlangoni? Aliwaonaje kuku wa jirani? Alipoachwa peke yake saa moja alitafuna kiti au alijilaza? Gunter na wenzake walipanua kazi hiyo kwenye vituo 51, na taarifa yao ya mwaka 2023 ilionyesha kwamba mbwa waliotolewa matembezi mafupi ya mjini walikuwa na uwezekano wa kupata nyumba takriban mara 5 zaidi ya wenzao ambao hawakutoka, na waliolala nje ya kituo usiku mmoja au miwili takriban mara 14 zaidi. Sehemu ya tofauti hiyo inatokana na kuonwa tu: mbwa aliyefungwa kamba anayetembea sokoni na kijana wa kujitolea hukutana na watu ambao wasingefika kituoni hata siku moja. Lakini sehemu nyingine ni kwamba kituo kina la kusema juu yake.

Kuna kizuizi ambacho binadamu amekijenga mwenyewe: jina la aina ya mbwa lililoandikwa kwenye kadi ya kizimba. Mtu anasoma kadi kabla ya kumtazama mnyama, na uamuzi unakuwa umeshafanyika. Gunter, pamoja na Rebecca Barber na Clive Wynne, walionyesha mwaka 2016 kwamba mbwa walioandikwa kuwa wa jamii ya pitbull walisubiri zaidi ya mara tatu ya muda waliosubiri mbwa wenye sura kama zao walioandikwa jina jingine. Sura zilifanana, kilichotofautiana ni karatasi. Kituo kimoja cha Florida kilipoyaondoa majina ya aina kwenye kadi zote, mbwa wa namna hiyo walichukuliwa kwa wingi zaidi.

Na karatasi yenyewe hukosea sana. Timu hiyohiyo ilipima vinasaba vya mbwa zaidi ya 900 kutoka vituo viwili, kimoja Arizona na kingine San Diego. Waliokuwa wa aina moja safi hawakufika 5 katika 100. Wafanyakazi waliobashiri kwa macho waliweza, kwa mbwa chotara, kutaja sawasawa angalau aina moja ya asili yake katika takriban theluthi mbili ya mbwa, lakini walipotakiwa kutaja zaidi ya moja walipatia kwa mbwa mmoja tu katika kumi. Macho yanaona rangi, masikio na umbo la pua, mambo yanayotawaliwa na jeni chache. Hayaoni kilichomo kichwani.

Hata jina likiwa sahihi, linasema kidogo. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha kazi ya Kathleen Morrill, Elinor Karlsson na wenzao, iliyokusanya majibu ya wenye mbwa kuhusu mbwa 18,385 na kusoma jenomu za 2,155 kati yao. Aina ya mbwa ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Tabia zina urithi ndani yake, hilo halikupingwa. Kuna mambo kama utayari wa kufuata maagizo ambayo aina ina uzito kidogo zaidi. Lakini ukali, yaani uwepesi wa kukasirishwa na jambo, karibu haukutabirika kwa aina kabisa. Anayefika kituoni akisema anataka German Shepherd kwa sababu ni jasiri, au anakataa Rottweiler kwa sababu ni katili, anachagua kwa hadithi.

Hapa kwetu Afrika Mashariki hadithi hiyo ina sura yake. Mbwa wa kienyeji, yule mwenye rangi ya kahawia hafifu, mkia uliopinda na mwili mwembamba, huhesabiwa kuwa takataka iliyobaki baada ya mbwa wa kizungu kuchanganyika ovyo. Sayansi inasema vingine. Mwaka 2009 Adam Boyko na wenzake walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya mbwa 318 wa vijijini kutoka Misri, Uganda na Namibia, na wakakuta kwamba mbwa wa vijijini wa Uganda wana asili yao wenyewe ya Kiafrika, yenye utajiri mkubwa wa vinasaba na yenye mchanganyiko mdogo sana na aina za Ulaya. Wamechujwa kwa vizazi vingi na jua la hapa, kupe wa hapa na chakula cha hapa. Sioni fahari gani mtu anaipata kwa kumlipia maelfu mbwa mwenye manyoya ya nchi za barafu, anayehema kwa joto Mikocheni au Nyali, wakati kituoni kuna mbwa wa kienyeji aliyekwisha chanjwa anayesubiri mtu.

Turudi kwa mtu anayechagua. Sasha Protopopova na Clive Wynne waliwatazama wageni waliokuja kituoni Florida na kutolewa mbwa ili wakutane naye uwanjani, makutano 250 kwa jumla, na wakatoa taarifa yao mwaka 2014. Kwa wastani kila kutano lilidumu dakika 8. Katika dakika hizo mbwa alifanya mambo mengi: alinusa, alikimbia, alirukia watu, alitikisa mkia. Mambo mawili tu ndiyo yaliyokuwa na uzito katika uamuzi wa mtu. Mbwa aliyepuuza mwaliko wa kucheza aliachwa. Mbwa aliyejilaza karibu na mgeni alikuwa na uwezekano wa kuchukuliwa mara 14 zaidi.

Fikiria maana yake. Mnyama aliyetoka kizimbani baada ya saa ishirini na tatu za kufungiwa anatolewa kwenye nyasi, na mtu anatarajia ajilaze miguuni pake ndani ya dakika chache. Wenye kiu ya kukimbia wanakosa nyumba kwa sababu wana kiu ya kukimbia. Watafiti walipogundua hilo walibadilisha kutano lenyewe: mbwa akikutanishwa na mgeni kwenye eneo dogo lisilo na vishawishi, akachezewa mchezo anaoupenda kweli, kisha akashawishiwa kulala chini karibu na mtu kwa vipande vya chakula, idadi ya waliochukuliwa ilipanda kwa zaidi ya mara mbili. Mbwa hawakubadilishwa. Walipewa nafasi ya haki.

Wengine waliamua kumwuliza maswali mtu pia. Emily Weiss, aliyekuwa mtafiti wa ASPCA, chama cha kutetea wanyama cha Marekani, alibuni mpango ambao mbwa na mtu wote wanawekwa kwenye rangi. Mtu anajaza dodoso: utakuwa nje ya nyumba saa ngapi kwa siku, una watoto wa umri gani, unataka mbwa wa kutembea naye au wa kukaa naye, uliwahi kufuga? Mbwa anatazamwa nguvu zake na hamu yake ya watu. Rangi zikifanana, wahudumu wana mahali pa kuanzia mazungumzo. Mimi rangi hazinivutii sana, kwa sababu mbwa huyohuyo angeweza kupata rangi nyingine wiki ijayo. Ninachokithamini ni kwamba mtu anakaa chini na kutaja saa zake kwa ukweli kabla hajaonyeshwa uso wa mbwa yeyote.

Kwani matarajio ya mtu yana uzito mkubwa. Lauren Powell na wenzake, chini ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania, walichambua kumbukumbu karibu 24,000 za wanyama waliochukuliwa kutoka kituo kimoja cha South Carolina kati ya 2015 na 2019. Waliorudishwa walikuwa asilimia 9.2. Kwa mbwa wakubwa kiumri sababu zilizotajwa sana zilikuwa tabia na kutopatana na wanyama waliokuwepo nyumbani. Katika kazi yao iliyofuata waliwauliza watu matarajio yao wakati wa kuchukua mbwa, na waliokuja kumrudisha baadaye ndio waliokuwa na matarajio makubwa zaidi kuhusu afya ya mbwa, tabia yake na urafiki watakaokuwa nao. Walikwenda nyumbani na mbwa wa ndotoni mwao, na mbwa halisi akashindwa kufika.

Maswali ya dodoso la Marekani hayatoshi Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi. Kwetu mbwa wengi huchukuliwa wawe walinzi, na mtu anayetaka mlinzi huwa anauliza ukali tu. Aulize kwanza mbwa atakaa wapi. Mbwa anayefungiwa kwenye kibanda cha mabati mchana kutwa na kufunguliwa usiku, asiyejua mgeni ni nani na mwenyeji ni nani kwa sababu hajawahi kuwaona wakisalimiana, hawezi kuwa mlinzi mwenye busara. Atamuuma muuza maziwa na atamkimbia mwizi. Anayelinda vizuri ni yule aliyezoea watu wa nyumba, anayejua kawaida ya mahali na kubweka kawaida hiyo inapovunjwa. Kwa kazi hiyo mbwa mtulivu mwenye macho anafaa kuliko mbwa mwenye hofu, na hofu ndiyo chanzo cha kuuma kwingi.

Katika nyumba za Waislamu, ambazo ni nyingi pwani, kuna swali la twahara. Madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayooshwa mara saba, mara moja kwa udongo, na yanaruhusu kufuga mbwa kwa kulinda, kuwinda au kuchunga. Familia ya namna hiyo inaweza kumtunza mbwa vizuri sana kama mambo yamepangwa mapema: banda lenye kivuli uani, vyombo vyake peke yake, mtu mmoja wa kumlisha, na mbwa ambaye hahitaji kuingia ndani ili awe na furaha. Mbwa aliyelelewa kitandani na mtu mpweke hatafaa pale. Atalia mlangoni kila usiku, na bibi anayeswali alfajiri hatakuwa na raha. Mbwa aliyezoea ua atafaa kabisa. Mhudumu asiyeuliza juu ya hili kwa kuona haya anaikosea familia na anamkosea mbwa.

Aulize pia juu ya mwenye nyumba ya kupanga na majirani wa ua mmoja, na juu ya msaidizi wa nyumbani. Mara nyingi huyo wa mwisho ndiye atakayeshinda na mbwa mchana, na hakuna aliyemwuliza kama anawaogopa. Vituo vya hapa, kama kile cha chama cha kutetea wanyama cha KSPCA jijini Nairobi, huchanja na kuhasi kabla ya kutoa mbwa, na jambo hilo halina mjadala. Kichaa cha mbwa kinaua watu takriban 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Ukipewa mbwa bila cheti cha chanjo, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hajafika nyumbani.

Kisha inakuja miezi ya kwanza, ambayo watu huielewa vibaya kuliko kitu kingine chochote. Wengi wanadhani mbwa anafika na vurugu na kutulia kadiri siku zinavyokwenda. Kyle Bohland na wenzake wa Ohio waliwafuatilia mbwa 99 kutoka vituo vitano kwa miezi sita, wakitumia dodoso la tabia lililotengenezwa na James Serpell wa Pennsylvania, na matokeo ya mwaka 2023 yalikuwa na pande mbili. Tabia za kulia mtu anapoondoka na kumng'ang'ania mwenyeji zilipungua. Lakini ukali kwa wageni na ugumu wa kufundishika uliongezeka kadiri miezi ilivyopita. Mbwa anayekaa kimya wiki ya kwanza huenda amezubaa kwa ugeni. Akishajua kwamba hapa ni kwake, anaanza kupalinda. Mwenyeji asiyejua hili anafikiri mbwa ameharibika mikononi mwake. Hata hivyo zaidi ya tisa katika kila kumi walisema baada ya miezi sita kwamba tabia ya mbwa wao ni nzuri au nzuri sana, licha ya mabadiliko hayo. Watu walimzoea mbwa aliyepo.

Kuhusu mbwa mkubwa, ambaye watu humkwepa wakidhani moyo wake umebaki kwa mwenyewe wa zamani, kuna jaribio la Budapest ninalolipenda sana. Márta Gácsi, Ádám Miklósi na wenzao walilichapisha mwaka 2001. Walichukua mbwa wazima wa vituoni na kuwapa mtu wa kuwashughulikia kwa vipindi vitatu tu vya dakika 10, kisha wakawaweka kwenye jaribio linalotumika kupima mshikamano wa mtoto na mzazi: chumba kigeni, mtu anatoka, mgeni anaingia, mtu anarudi. Baada ya nusu saa hiyo ya kufahamiana, mbwa walimpokea mtu wao tofauti na walivyompokea mgeni. Walikuwa wameshamchagua.

Hata kwa haya yote, baadhi ya mbwa watarudishwa, na ningependa vituo vyetu vipokee jambo hilo bila kumwaibisha mtu. Anayeaibishwa mara ya kwanza, mara ya pili atamfungulia mbwa lango usiku aende zake. Anayepokelewa vizuri atakaa na mhudumu na kueleza: alipatana na watoto wakubwa ila alimngurumia anayetambaa, aliogopa radi, alikula vizuri, hakuwagusa mbuzi, peke yake alibweka kwa saa mbili kisha akalala. Maelezo hayo yaandikwe yote, kwa tarehe, na yabandikwe kwenye kadi mahali palipokuwa na jina la aina. Anayefuata kuja kituoni, ambaye watoto wake wameshakuwa wakubwa na anafuga mbuzi, ayasome kabla hajamwona mbwa.